Baba, Binti Zake na Binti wa Mwenzake



Katika mambo tuyafanyayo kila siku, hapana linaloonekana dogo machoni pa watu kama mchezo wa baba na binti zake wadogo. Baba hurudi kazini, huvua viatu, hukaa mkekani. Mara huyu humpanda mgongoni, yule humfichia kofia, na mdogo wao humpaka unga usoni na kumwambia kuwa leo yeye ni mgonjwa na daktari amekwisha fika. Nusu saa hupita, chakula huletwa, wala hakuna mtu aandikaye habari hiyo. Vitabu vya historia vimejaa vita, mikataba na majina ya watawala. Mkeka wa baba na binti zake haumo.

Wako hata wanaouona mchezo huo kuwa ni aibu. Husema: "Mwanamume mzima, ndevu zote hizo, anatambaa chini kama mtoto! Wanawe watamheshimu vipi?" Akicheza na watoto wa kiume humsamehe kidogo, akicheza na wa kike humwambia kwamba anawadekeza bure, nao ni watu wa kuolewa wakaenda zao.

Nataka kukuonyesha, ndugu yangu, kwamba mchezo huo si jambo dogo, na kwamba historia imeukumbuka kuliko tunavyodhani. Lakini vile vile nataka kukuonyesha kwamba ndani yake mna mtihani, na mtihani huo umewashinda watu wakubwa kuliko mimi na wewe. Tutakwenda Madina, kisha Mtoni katika kisiwa cha Unguja, na kutoka huko tutarudi bara mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali paitwapo Lipingo. Nami nitaanza na Lipingo, kwa sababu huko ndiko alikotoka mtoto aliyenifanya niyafikiri mambo haya.

NENO LA MTOTO

Lipingo leo ni kata katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Wakati wa habari hii ilikuwa bado katika Wilaya ya Mbinga, kwani wilaya hiyo mpya ilianzishwa mwaka 2012. Mbele yao watu wa huko wana ziwa, na nyuma yao milima ya Wamatengo. Huvua usipa na samaki wengine, hulima muhogo, na jioni utawaona wanawake wakiukusanya usipa uliokaushwa juani.

Miaka hiyo mimi nilikuwa mwalimu katika mji wa Songea. Nilikuwa na binti wawili, mmoja wa miaka sita na mdogo wake wa miaka minne. Kila siku baada ya sala ya Magharibi tulikuwa na mchezo wetu, nao ulikuwa mchezo wa ngamia. Ngamia nilikuwa mimi. Nilipiga magoti na kuweka mikono chini, mmoja akanipanda, nikamchukua kutoka mlangoni mpaka dirishani na kumrudisha. Kisha ilikuwa zamu ya mwenzake. Ngamia huyo alikuwa mkaidi. Akifika katikati ya safari alilala chini akakataa kuondoka mpaka anyweshwe maji kwa kopo la bati. Hayo ndiyo yaliyowachekesha kuliko yote.

Nyumbani mwetu alikuwamo pia msichana wa miaka kumi na miwili hivi, aliyemsaidia mama watoto kazi za jikoni. Alitoka Lipingo. Aliletwa na mtu tuliyefahamiana naye, nami nilituma ahadi kwa baba yake kwamba nitamtia shule mjini. Muhula ukapita, ukaja wa pili, ukapita wa tatu. Kila mara nilikuwa na sababu: sare, nauli, mtoto mgonjwa, mgeni aliyekuja. Binti zangu walimwita "dada", kama ilivyo desturi ya nyumba zetu kumwita hivyo mtumishi. Jioni, sisi tulipokuwa katika mchezo wetu, yeye alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akicheka pamoja nasi.

Siku moja binti yangu mdogo alishuka mgongoni mwangu, akatazama mlangoni, akasema: "Baba, sasa zamu ya dada."

Nikamjibu: "Dada ana kazi."

Msichana yule akaacha kucheka. Akageuka, akarudi jikoni kwenye sufuria yake. Mchezo haukuendelea jioni ile. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameniuliza jambo ambalo mimi, mwalimu wa historia, sikuwa na jibu lake. Kama huyu ni dada, mbona hana zamu? Na kama hana zamu, kwa nini tunamwita dada? Tangu siku ile nilianza kusoma upya habari nilizokuwa nikiwafundisha wanafunzi, na haya ndiyo niliyoyaona.

MTUME NA WATOTO WA KIKE

Sote twajua jinsi walivyokuwa Waarabu wa zama za ujahili. Qurani Tukufu yatueleza habari za mtu aliyekuwa akipewa bishara ya mtoto wa kike uso wake ukapiga weusi, akajificha watu kwa aibu, akifikiri amweke kwa fedheha au amfukie mchangani. Na yatueleza kwamba siku ya Kiyama mtoto yule aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Mungu atulinde.

Katikati ya watu wa namna hiyo Mwenyezi Mungu alimjaalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) binti wanne: Zaynab, Ruqayya, Umm Kulthum na Fatima. Wanawe wa kiume walikufa wangali wachanga, na maadui wakamcheka kwamba ni mtu aliyekatikiwa na kizazi. Je, alificha uso wake? Hasha! Abu Qatada amesimulia kwamba Mtume alisalisha watu naye amembeba begani Umama, mtoto wa kike wa binti yake Zaynab. Aliposujudu alimweka chini, na aliposimama alimchukua tena.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Nyuma yake wamesimama watu wazima, na miongoni mwao wapo walioona kwa macho yao desturi ile ya kuwafukia watoto wa kike. Nao wanamwona Mtume wao mbele ya Mola wake, na begani mwake mtoto wa kike. Hotuba ya saa nzima isingewafundisha zaidi ya hapo.

Iko habari nyingine isiyosimuliwa sana katika mimbari zetu, nayo yatuhusu sisi Waafrika. Umm Khalid alikuwa binti mdogo wa Khalid bin Said, mmoja wa waliohamia Uhabeshi, na huko ndiko alikozaliwa. Siku moja baba yake alikwenda naye kwa Mtume, naye amevaa kanzu ya manjano. Mtume alipomwona hakumsemesha kwa Kiarabu. Alimwambia "sanah, sanah", neno la Kihabeshi lenye maana ya kuwa imependeza. Mtoto akazoea, akaenda nyuma ya Mtume akaanza kuichezea ile alama ya utume iliyokuwa baina ya mabega yake. Baba yake akamkemea. Mtume akamwambia amwache, kisha akamwombea mtoto maisha marefu.

Tazama mambo mawili hapa. Kwanza, alimtafutia mtoto neno la lugha ya kule alikokulia, ili acheke. Pili, mtoto yule hakuwa wake. Alikuwa binti wa mwenzake.

Na hili la pili ndilo nililolikosa mimi. Kwani Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume tangu utoto, amesimulia kwamba katika Madina hata kijakazi, yaani msichana mtumwa, aliweza kumshika Mtume mkono akaenda naye popote alipokuwa na haja yake, wala Mtume hakuuvuta mkono wake. Ule mkono uliombeba Umama ndio ule ule ulioshikwa na kijakazi. Hakuwa na mkono mmoja wa binti zake na mwingine wa binti za watu.

Ilikuwako pia habari ya Aqra bin Habis, mkuu wa kabila la Tamim, aliyemwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akajisifu kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume alimtazama, akamjulisha kwamba asiyehurumia naye hahurumiwi. Basi mwenye kudhani kwamba ukali ndio heshima ya baba, aisome habari ya Aqra.

ASUBUHI KATIKA JUMBA LA MTONI

Sasa tuje karibu na kwetu, nchi ya pwani, karne ya 19.

Kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, ufukoni, yapo magofu ya jumba la Mtoni. Hilo lilikuwa jumba la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyeyahamishia makao yake Unguja, na ambaye wakati wake mashamba ya mikarafuu yalienea visiwani. Alifariki baharini mwaka 1856, akiwa njiani kurudi kutoka Oman.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya merikebu zake na mikataba yake. Lakini habari za nyumbani mwake tunazo kwa sababu ya mmoja wa binti zake, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Baadaye maisha yalimpeleka mbali. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, na mumewe akafa mwaka 1870 akimwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kikatoka kwa Kijerumani.

Ni nini alichokikumbuka binti huyu juu ya baba yake, baada ya miaka thelathini, katika baridi ya Ujerumani? Alimkumbuka akitembea huku na huku katika roshani kubwa iliyoelekea bahari, akichechemea kidogo kwa jeraha la zamani la vita. Na alikumbuka peremende. Asubuhi watoto walikwenda kumwamkia baba yao, naye akawagawia peremende zilizotoka Ufaransa. Siku moja Salme mdogo alikuwa akisukwa nywele, misuko mingi yenye mapambo ya dhahabu kwenye ncha zake. Akachoka kungoja. Akamponyoka msukaji, akakimbilia kwa baba yake mapambo hayajakamilika, ili awahi peremende. Sayyid akamtazama, na badala ya kumpa, akaamuru arudishwe akamalize kujipamba. Tangu siku hiyo hakwenda tena mbele ya baba yake hali hajakamilika.

Huu ni mchezo wa kila siku, na ndani yake mna malezi. Mtoto alikimbia kwa sababu alijua kwamba kwa baba yake kuna utamu. Na alirudishwa bila ya kipigo, akajifunza adabu asiyoisahau mpaka uzeeni. Sayyid alikuwa na watoto wengi. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, walioachwa hai baba yao alipofariki walikuwa 36, nusu wanaume na nusu wanawake. Hata hivyo mtoto mmoja kati ya hao aliweza kuandika kana kwamba roshani ile ilikuwa yake peke yake. Baba mwenye shughuli za dola mbili alipata nafasi ya kugawa peremende. Nasi twasema hatuna nafasi!

Kama habari ingeishia hapo, ningeifunga makala hii kwa kuwahimiza akina baba waige. Lakini haiishii hapo.

KUTOKA ZIWANI HADI FORODHANI

Katika mji ule ule wa Unguja lilikuwako jumba jingine, nalo ni forodha. Ushuru wake ulikuwa nguzo kubwa ya mapato ya dola. Ulitozwa juu ya pembe za ndovu, karafuu na nguo. Na ulitozwa pia juu ya watu, kwa kichwa.

Watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka kwetu, nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa. Misafara ilitoka ziwani ikakata mapori kwa majuma mengi hadi Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa majahazi yakaelekea Unguja. Rigby, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja tangu 1858 hadi 1861, alimweleza Livingstone kwamba waliopita forodhani kwa mwaka mmoja kutoka nchi ya Nyasa peke yake walikuwa watu 19,000. Wakati huo Sayyid Said alikuwa amekwisha kufa na mwanawe Sayyid Majid ndiye aliyetawala, lakini biashara ilikuwa ile ile na njia zilikuwa zile zile. Wala hesabu hiyo haiwatii waliokufa njiani.

Nataka tuseme kweli, kwa maana dini yetu yatuamrisha tuseme kweli ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Si mkono wa mtu mmoja uliofanya haya. Walikuwako Waarabu na Waswahili waliotoa bidhaa, Wahindi waliokopesha fedha, Wayao waliopeleka misafara, Wangoni walioshambulia vijiji, na Wazungu wa visiwa vya mbali walionunua. Wako hata waliowauza jamaa zao kwa sababu ya deni au njaa. Na wengi wa waliochukuliwa walikuwa watoto.

Wazungu waliolizunguka ziwa kwa meli ndogo iitwayo Ilala, iliyofika huko mwaka 1875, waliandika kwamba katika upande wa mashariki waliona vijiji vilivyojengwa majini, nyumba zikiwa juu ya nguzo, kwa hofu ya mashambulizi kutoka bara. Fikiri hali ya baba aliyejenga nyumba hiyo. Amebeba miti mabegani, ameikita katika matope ya ziwa, ili usiku binti zake walale. Huyo naye alikuwa na mchezo wake na wanawe, kwani hakuna nchi ambayo mtoto hampandi baba yake mgongoni. Lakini jina lake hatulijui, na binti yake hakuandika kitabu. Alipofika forodhani alihesabiwa kichwa kimoja, ushuru ukalipwa, basi.

Na baadhi ya watoto kama hao walifika Mtoni. Ndio waliochota maji, waliofagia, waliowabeba watoto wa jumbani. Asubuhi Sayyid alipogawa peremende, binti wa ziwa alikuwa amesimama karibu, pengine na jagi mkononi. Je, kulikuwa na mtu wa kusema, "Baba, sasa zamu yake"? Salme, pamoja na akili yake na wema wake, katika kitabu hicho hicho chenye peremende aliutetea utumwa, akaona kwamba watu wa Ulaya hawaufahamu. Hivyo ndivyo desturi inavyoyafunga macho. Mtu aweza kuwa baba mwema ndani ya mlango wake, naye anakula kwa majonzi ya baba mwingine nje ya mlango, na asione kuwa pana kosa.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikifunga kitabu. Sikuwa na haja ya kumlaumu Sayyid Said. Yeye amekwisha kwenda kwa Mola wake. Binti wa ziwa aliyesimama mlangoni nilikuwa naye nyumbani mwangu. Sikumnunua, ni kweli, wala hakufungwa mnyororo. Lakini nilimchukua kwa baba yake kwa ahadi, na ahadi sikuitimiza.

KARANI WA FORODHA

Biashara ile ilikwisha kwa hatua. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja; mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu; mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba, na Tanganyika mwaka 1922.

Miaka minne baada ya hapo, mwaka 1926, kijana mmoja wa Tanga aliajiriwa katika idara ya forodha ya Tanganyika, akatumika humo mpaka mwaka 1944. Jina lake ni Shaaban Robert. Kila msomaji wa Kiswahili anamjua kwa vitabu vyake, lakini hapa nataka tumkumbuke kama baba. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia watoto wadogo. Karani huyo, katika upweke wake, alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi mzima, Utenzi wa Hati, wa kumwusia dini na mwenendo wa maisha, kama alivyomtungia mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Hakumpa mmoja akamnyima mwingine.

Tunapoliweka jambo hili kando ya lile la kwanza twapata mazingatio. Katika forodha ya zamani binti wa Kiafrika aliandikwa daftarini kama bidhaa. Haikupita karne moja, mtu wa forodha akaandika tena jina la binti wa Kiafrika. Na safari hii aliliandika katika shairi, naye ni baba yake. Na kwa kuwa shairi lile lilichapwa, wosia wa Mwanjaa umekuwa wosia wa binti wa kila msomaji. Hiyo ndiyo njia ya mapenzi yaliyo sawa. Huanza na mtoto wako, kisha hutoka nje ya mlango.

SAFARI YA LIPINGO

Likizo ilipofika nilimchukua yule msichana nikampeleka kwao. Tulipanda gari hadi Mbinga, tukateremka milima hadi ziwani, na sehemu ya mwisho tukaenda kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma. Njiani nilitayarisha maneno ya kujitetea.

Tulimkuta baba yake chini ya mwembe, ameshika sindano ya kushonea nyavu. Hakuwa Mwislamu, watu wa huko wengi ni Wakristo, na hilo halibadilishi hata neno moja la habari hii. Alisimama, akamtazama binti yake aliyekuwa amerefuka. Mimi nilingoja nisikie atasema nini. Hakusema neno na mimi. Alificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akamwambia: "Mkono upi?"

Msichana akaona haya, maana alikuwa amekwisha kuwa mkubwa. Akatazama chini, akanitazama mimi, kisha akacheka, akaonyesha mkono wa kushoto. Baba akautoa, mtupu. Akaonyesha wa kulia, akautoa, mtupu nao. Kumbe sindano alikuwa ameichomeka kiunoni. Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Ndugu msomaji, mtoto yule alikaa nyumbani mwangu zaidi ya mwaka, na haikupata kunijia akilini kwamba naye aliacha mchezo kwao. Nilijua kwamba alikuwa na baba. Sikujua kwamba alikuwa na "Mkono upi?"

Nilimwomba radhi mzee yule, nikamwambia kwamba sasa nitarudi naye mjini nimtie shule kweli. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, shule hata hapa ipo." Nami nikaona kwamba amesema haki. Nilichoweza kufanya ni kuleta daftari na sare kila mwaka mpaka akamaliza darasa la saba, na hiyo haikuwa sadaka. Ilikuwa deni.

MAZINGATIO

Basi tuchukue nini katika habari hizi?

Kwanza, ewe baba, cheza na binti zako. Usiogope kupungukiwa na heshima. Hakuna mwenye heshima kuliko yule aliyesalisha watu na mtoto wa kike begani. Mtume amewaahidi wanaowalea vizuri mabinti wawili mpaka wakabaleghe kwamba watakuwa karibu naye kama vidole viwili vya mkono mmoja, na kulea ni pamoja na kuchekesha.

Pili, weka adabu ndani ya mchezo, kama Sayyid alivyomrudisha Salme kwenye misuko yake. Mchezo usio na mpaka huzaa utovu wa adabu. Na mpaka usio na mchezo huzaa woga. Usimcheke mtoto kwa kasoro yake, wala usimtishe ukasema unatania.

Tatu, fanya uadilifu. Kama mvulana ana zamu, na msichana awe na zamu, katika mchezo, katika chakula na katika shule.

Nne, na hili ndilo kubwa, tazama mlango wa jikoni. Mpaka leo wako mabinti wa vijijini wanaoletwa mijini kwa ahadi ya shule wakaishia kwenye sufuria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, nayo ni sheria njema. Lakini askari haingii katika kila ukumbi jioni. Anayeingia ni Mwenyezi Mungu, naye haendi kwa hesabu ya vichwa. Kama yumo nyumbani mwako binti wa mwenzako, jiulize alikotoka ni nani aliyekuwa akimchekesha, na ni lini atamwona tena.

Binti zangu sasa ni watu wazima na wana watoto wao. Yule mdogo hakumbuki kabisa neno alilolisema jioni ile. Nami sijalisahau, na kila nikiwaona wajukuu wakigombania zamu mgongoni pangu, ambao siku hizi ni mgongo wa ngamia mzee, hutazama kwanza mlangoni kuona kama yuko mtoto aliyesimama.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe mikono isiyobagua, atusamehe ahadi tulizozivunja, na awarudishe salama watoto wa watu kwa baba zao. Amin.